MATEMBEZI YA BABA NA MAMA, NA UTAMU KWA KIASI



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanza na swali kwa ninyi wenye ndoa: ni lini mara ya mwisho baba na mama mlitoka pamoja, ninyi wawili tu, si kwenda msibani, si kwenda kwenye kikao cha jumuiya, si kwenda kumwona mgonjwa, bali kutembea tu, kutazama mji na kula kitu kitamu njiani? Wengi watacheka. Wengine watasema hayo yalikuwa mambo ya uchumba. Lakini sisi tunapenda kuonyesha kwamba matembezi ya mwisho wa juma ni sehemu ya afya ya nyumba, na kwamba hayana budi kuendelea hata pale ugonjwa wa kisukari unapoingia mlangoni.

Tuchukue mfano wa mume na mke ambao mfano wao unapatikana katika parokia nyingi. Kwa miaka mingi, kila Jumapili baada ya Misa, walipita mjini taratibu. Mume alinunua kashata na soda mbili, mke akanunua zabibu ikiwa ni msimu wake, wakakaa kivulini wakaongea habari za watoto. Kisha mume akapimwa, akaambiwa ana kisukari. Mke, kwa upendo na kwa hofu, akaficha sukari kabatini na kufunga kwa ufunguo. Matembezi yakakoma, maana kila walikopita palikuwa na kitu kitamu. Baada ya miezi michache ikajulikana kwamba mume hunywa soda kila siku kwa siri, dukani karibu na kazini. Mke akaumia moyo, mume akaona aibu. Siku ya kliniki sukari yake ilikuwa juu kuliko mwanzo.

Je, wapi palikosewa? Tutajaribu kujibu hatua kwa hatua.

SUKARI INAFANYA NINI MWILINI

Vyakula vyote vya wanga, kama ugali, wali, mihogo, matunda na sukari yenyewe, vikifika tumboni huvunjwavunjwa na kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia katika damu na kupelekwa mwili mzima kama kuni zinavyopelekwa jikoni. Ili iingie katika misuli inahitaji kichocheo kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Mtu mwenye kisukari ama hana ufunguo wa kutosha, ama kitasa kimekuwa kigumu. Sukari hubaki nje, katika damu, na kwa miaka huharibu macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba kati ya watu wazima wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kwa hiyo si ugonjwa wa matajiri tu wala wa watu wa mijini tu. Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kupungua uzito bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Lakini wengi hawana dalili yoyote mwanzoni. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula na kufika 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha milimoli kwa lita), mtu huyo apimwe tena na kuonwa na daktari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado hajawa mgonjwa, ila amekaribia mlango. Huyo ndiye anayefaidika zaidi kuliko wote na maneno ya ukurasa huu.

KWA NINI KUTEMBEA NI DAWA

Misuli inapofanya kazi hula sukari ya damu kwa wingi, na katika kazi hiyo hufungua mlango bila kungoja insulini nyingi. Ndiyo maana mtu akitembea robo saa baada ya kula, sukari yake haipandi juu kama ya yule aliyekula akaketi. Tena mazoezi yakiwa ya kila siku, kile kitasa kigumu hulainika.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni upi? Ni ule ambao mnaweza kuongea lakini hamwezi kuimba. Wanakwaya wajipime wenyewe.

Mkulima anayelima tangu alfajiri huenda hahitaji kuambiwa habari hii. Lakini karani, mwalimu, muuza duka, dereva na fundi cherehani hukaa kutwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kazi za kukaa zimeongezeka, na bodaboda iko mlangoni hata kwa safari ya dakika kumi. Mwisho wa juma ni nafasi ya kurudisha miguu kazini.

Kuna faida nyingine isiyopimika kwa mashine. Mume na mke wanaotembea bega kwa bega huongea mambo ambayo sebuleni hayasemeki. Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi wamechoka, aliwaita waende kando mahali pa faragha wapumzike kidogo. Siku ya Bwana ni ya sala na pia ya pumziko. Kupumzika pamoja baada ya Misa si uvivu wala anasa.

VITU VITAMU VYA KWETU

Watu wakisikia neno kisukari hudhani kila kitamu ni sumu. Si kweli. Jambo la msingi ni kujua kila kimoja kimebeba nini. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote tunayopata katika chakula, na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 kwa siku, tukihesabu vyote: chai ya asubuhi, chai ya jioni, na vya njiani.

1. Soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 8 au 9. Chupa moja tu imekwisha kupita kipimo cha siku nzima. Tena ni maji, hupita tumboni haraka na kupandisha sukari kama moto wa nyasi. Katika mfano wetu, si kashata ya Jumapili iliyomwangusha yule mume, bali soda ya kila siku. Kwa mwenye kisukari soda ya kawaida si kinywaji. Ni dawa ya dharura tu, kama tutakavyoona.

2. Juisi ya miwa. Ni tamu na ni ya asili, lakini glasi moja yaweza kuwa na sukari ya vijiko 7. Kutafuna kipande cha muwa huchukua muda na meno hufanya kazi. Kunywa glasi huchukua dakika moja. Juisi ya ukwaju ni nzuri ikiwa muuzaji hajamimina sukari. Ulizeni kabla ya kununua.

3. Zabibu. Hili ndilo tunda la Dodoma. Wamisionari wetu walizipanda Bihawana, na leo mashamba yameenea hadi Makutupora, Hombolo na vijiji vingi. Hapa kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo katika nchi za baridi halipo. Zabibu 15 hivi, yaani kiganja kimoja, zina wanga gramu 15, sawa na kipande kimoja cha mkate. Kwa mwenye kisukari kiganja kimoja hakina neno. Kilo moja akiwa anaongea ni neno jingine. Zabibu kavu sukari yake imekusanyika, hivyo kiasi kiwe kidogo zaidi, kama vijiko viwili vya chakula. Oshe zabibu kwa maji safi kabla ya kula, kwa sababu mizabibu hupuliziwa dawa na barabara zetu zina vumbi.

4. Ubuyu. Unga mweupe wa ubuyu una vitamini C kwa wingi pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Lakini ubuyu mwekundu wa pakiti umepikwa kwa sukari na rangi. Anayetaka faida ya mbuyu ale ule mweupe, au akoroge unga wake katika maji bila sukari, au kwa sukari kidogo.

5. Asali. Huku katikati ya nchi tumebarikiwa asali nzuri, hasa ya Manyoni na Itigi. Lakini tusidanganyane: wapo wanaosema asali haimdhuru mgonjwa wa kisukari. Sehemu kubwa ya asali, kama 80 katika 100, ni sukari, na huhesabiwa kama sukari nyingine. Kitabu cha Mithali chenyewe kinamwonya aliyepata asali ale kiasi cha kumtosha. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kupooza kwa watoto wachanga.

6. Karanga. Hiki ndicho kitafunwa tunachokisifu kuliko vyote, zikiwa za kukaanga bila sukari. Zina protini na mafuta mazuri, hazipandishi sukari haraka, na hushibisha. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakashindwa na kuacha mwaka 1951; lakini mama zetu wa Kigogo wanaendelea kuzilima kwa jembe hadi leo. Angalizo ni moja: sumukuvu. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu hubeba sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu katika nafaka iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga ikiwa chungu mdomoni, temeni. Msiseme ni hasara.

7. Kashata, visheti, maandazi na keki. Hivi ni sukari na unga, na vingine ni mafuta mengi pia. Havikatazwi kabisa, ila viwe vya siku maalumu, kipande kimoja, tena kigawanywe kwa wawili.

8. Divai. Wengi wanaofika Dodoma hupenda kuonja divai ya kwetu. Mwenye kuitumia na awe na kiasi, maana ile tamu ina sukari pamoja na kileo. Mama mjamzito aiache. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ajue kwamba kileo, hasa tumbo likiwa tupu, chaweza kushusha sukari mno saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa amelala. Amwulize daktari wake kwanza. Naye anayeendesha chombo asiguse.

USISAHAU MENO

Bakteria walioko mdomoni hugeuza sukari kuwa tindikali, nayo hulainisha jino kwa muda wa nusu saa hivi kila tunapokula kitu kitamu. Kwa hiyo mtu anayemung'unya pipi moja moja mchana kutwa huharibu meno kuliko anayekula kipande cha kashata mara moja na kumaliza. Kuleni kitamu kwa wakati mmoja, kisha sukutueni kwa maji. Jioni pigeni mswaki. Tuwafundishe na watoto hivyo hivyo.

JUMAPILI MOJA MJINI

Sasa turudi kwa mume na mke wetu. Wakifanyaje ili warudi njiani? Tunapendekeza hivi.

Jumapili wasali Misa ya asubuhi, kwa mfano katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, na baada ya Misa wasikimbilie gari. Wasimame kwanza watazame picha za mawe ya rangi zilizoko mbele ya kanisa, ambazo wengi wetu tunazipita kila wiki bila kuziona. Warudi nyumbani, wale chakula kamili: ugali wa kiasi, mlenda au mchicha, maharage au kuku. Mboga na maharage yakitangulia tumboni, kitamu kinachofuata hakipandishi sukari kwa kishindo.

Jua likipungua, kama saa 10 alasiri, watoke kwa miguu. Waende Nyerere Square, palipo na sanamu ya Mwalimu, wapite katikati ya mji wakiangalia makanisa ya wenzetu Waanglikana na Walutheri. Wakipita Soko la Majengo, ikiwa ni msimu wanunue zabibu. La sivyo, karanga za kukaanga. Wakae kivulini wale kiganja kimoja kimoja. Kisha, na hili ndilo la maana, wainuke watembee tena robo saa kabla ya kupanda daladala. Sukari ya zabibu itakutana na misuli iliyo kazini.

Wenye miguu mizuri waweza siku nyingine kupanda Mlima Simba asubuhi mapema, wakauone mji wote na uwanda wetu hadi upeo wa macho. Wenye nafasi waende Bihawana kuona mizabibu, au Hombolo kutazama bwawa. Bwawani watazame tu, wasioge wala kuogelea, maana katika maji yaliyosimama huweza kuwamo konokono waenezao kichocho. Na wale wanaoweza kutunza akiba kwa safari ya siku nzima waende Kolo, wilayani Kondoa, wakaone michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo hakuna namna ya kufika kwenye michoro ila kupanda kwa miguu, nayo ni baraka.

Popote mwendako chukueni chupa ya maji. Hewa ya huku ni kavu na upepo hukausha jasho kabla hujaliona; mtu hupungukiwa maji bila kujua. Kofia au mwavuli si maringo.

MGONJWA WA KISUKARI ANAPOTOKA

Mgonjwa asiogope kutoka, lakini ajiandae. Tunataja mambo manne.

Kwanza, miguu. Kisukari hupunguza hisia za nyayo. Mtu aweza kuchomwa na mwiba wa mgunga asisikie, na kidonda hicho kikafikisha mguu kwenye kukatwa. Avae viatu vilivyofunika vidole, visivyobana, pamoja na soksi. Jioni mke amtazame mumewe nyayo, na mume amtazame mkewe. Ni tendo la unyenyekevu tunalolikumbuka kila Alhamisi Kuu.

Pili, asiruke mlo. Anayetumia insulini au vidonge akitembea sana bila kula, sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au hasira ya ghafla. Mke asiseme, "Ameanza visirani vyake." Ampe mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Wangoje dakika 15 wameketi. Kama hali haijabadilika, ampe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu chochote mdomoni, mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali. Kwa hiyo mgonjwa huyu hana budi kutembea na sukari mfukoni. Ile ile tuliyomficha kabatini ndiyo itakayomwokoa njiani.

Tatu, dawa zake ziende naye ikiwa watachelewa, na insulini isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Nne, akiwa na kidonda mguuni, maumivu ya kifua, au kuishiwa pumzi akitembea, asianze matembezi marefu kabla ya kumwona daktari.

NENO KWA WENYE NDOA

Kosa la mke katika mfano wetu lilitokana na upendo, lakini aligeuka askari wa kabati, na mume akageuka mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Kosa la mume ni kwamba alificha. Ugonjwa ukikaa gizani hukua. Ni afadhali mgonjwa aseme, "Mama watoto, leo nina hamu ya kitamu," na mkewe ajibu, "Haya, baba, Jumapili tutatoka, tutagawana kashata moja," kuliko ufunguo na siri. Na nyumba nzima ile chakula kile kile. Chakula cha mgonjwa wa kisukari ndicho chakula kinachowafaa watoto wake pia, ambao wanaweza kurithi ugonjwa huo.

Tena mwende kliniki wawili. Mhudumu akimwambia mume peke yake, nusu ya maneno hubaki njiani. Nanyi ambao hamjawahi kupimwa, na mna umri wa zaidi ya miaka 40, au uzito mkubwa, au ndugu mwenye kisukari, au mama aliyepata kisukari wakati wa mimba, pitieni kituo cha afya cha karibu mkapime. Ni tone moja la damu ya kidole.

Wapendwa, Bwana wetu alikwenda arusini Kana pamoja na Mama yake. Hakudharau furaha ya mume na mke. Basi Jumapili ijayo, baada ya Misa na chakula, mwambie mwenzako avae viatu. Mtoke.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.